Basmati yangu ilistawi kuliko ya jirani, kisha ikalala yote: nilikosea wapi kwenye mbolea?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nalima basmati ya asili, ile ndefu, ekari moja ya majaruba. Msimu uliopita nilipandikiza kwa mfuko mmoja wa DAP, ile mbolea ya kupandia, kisha nikaweka mifuko miwili ya urea: wa kwanza wiki ya tano, baada ya palizi kuchelewa, na wa pili masuke yalipoanza kuchungulia. Jirani yangu hufanya hivyohivyo kwenye mpunga wake wa kawaida na hupata vizuri. Wangu ulistawi, majani yakawa kijani hadi yanaelekea weusi. Wiki tatu kabla ya kuvuna ukalala wote. Nilipata mapepe mengi, na ulipokobolewa chenga zikazidi punje nzima. Sasa mmoja ananiambia niache urea nihamie CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, mwingine anasema basmati haitaki mbolea ya dukani kabisa, ndipo inukie. Nifuate lipi?

Jibu: Ndugu yangu, pole sana. Kuona mpunga uliokaribia kuiva umelala kwenye tope ni uchungu ambao hauelezeki kwa mtu asiyelima. Nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako lina mambo matatu yaliyofungamana: kiasi cha mbolea, wakati wa kuiweka, na namna ya kuiweka. Kwa maelezo uliyotoa, umekosea kwenye kiasi na kwenye wakati. Namna ya kuweka hukuisema, ila nina wasiwasi nayo pia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ukihesabu kwa mifuko huoni ulichokiweka shambani. DAP ina nitrojeni asilimia 18, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 9. Urea ina asilimia 46, kwa hiyo mifuko yako miwili ilibeba kilo 46. Jumla umeipa ekari moja kilo 55 za nitrojeni, sawa na kilo 136 hivi kwa hekta. Hicho ni chakula cha mpunga mfupi wa mavuno makubwa, tena katika ardhi iliyochoka. Basmati ndefu hutosheka na kilo 24 kwa ekari, yaani 60 kwa hekta, na penye udongo wenye rutuba huhitaji hata chini ya hapo. Uliipa zaidi ya mara mbili ya inachoweza kukibeba.

Jirani yako hakukudanganya. Yeye analima mmea mwingine. Basmati ndefu ilitoka mashambani chini ya milima ya Himalaya, kwa wakulima waliotegemea rutuba ya udongo, samadi na maji ya mito. Basmati 370, ambayo ndiyo mama wa aina nyingi tunazozijua, iliteuliwa katika kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, Punjab ya Pakistan ya leo, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1933. Waliichagua kwa harufu yake, urefu wa punje na namna wali wake unavyorefuka ukipikwa bila kunenepa. Bua lake ni refu, sentimita 120 hadi 150 na zaidi, na halikuumbiwa kubeba mzigo wa mbolea nyingi. Mpunga wa jirani yako huenda ni wa ukoo wa zile aina fupi zilizoanza kuenea duniani baada ya IR8, mpunga mfupi wa mavuno makubwa, kutolewa mwaka 1966. Ule ukila nitrojeni nyingi hubaki mfupi, ukaongeza machipukizi na punje. Wako ukila nitrojeni hiyohiyo hukimbilia juu.

Zipo basmati fupi siku hizi. Pusa Basmati 1 ilitolewa India mwaka 1989, nyingine zikafuata, na hizo huvumilia kilo 90 kwa hekta au zaidi kidogo bila kuanguka. Ndiyo maana mtu akiniuliza mbolea ya basmati, mimi humwuliza kwanza basmati gani. Wewe umesema ndefu, nami nitajibu kwa ndefu, na penye tofauti kubwa nitaitaja fupi.

Ningependa ufanye jambo moja kama bado una mabua ya msimu uliopita, hata yale yaliyokauka. Chukua bua moja la mpunga ulioanguka, ulipasue kwa wembe kuanzia kwenye shina, utazame pingili mbili za chini. Utaona zimerefuka, na ukuta wake ni mwembamba; ukiufinya kwa vidole unabonyea kama karatasi. Kisha tafuta bua la mpunga uliosimama mpaka mwisho, pengine pembeni mwa jaruba ambako mbolea haikufika vizuri. Pingili zake ni fupi na ngumu, kidole hakilibonyezi kirahisi. Nitrojeni nyingi inapoingia wakati bua linaanza kurefuka huzivuta pingili hizo za chini, na majani ya juu yanayotanda huzinyima mwanga, kwa hiyo zinakua zikiwa dhaifu. Suke likishajaa, upepo mdogo na mvua moja vinatosha kulaza shamba zima.

Sasa tuone mmea wenyewe unakula kiasi gani. Kila tani ya mpunga unaovuna huondoka na nitrojeni ya kilo 15 hadi 20, ukihesabu punje na mabua pamoja. Basmati ndefu ikifanya vizuri hutoa tani mbili na nusu hadi tatu kwa hekta. Kwa hiyo mahitaji yake yote ni kilo 40 hadi 60 kwa hekta, na sehemu kubwa ya hizo hutoka kwenye udongo wenyewe, kwa maana tope lenye maji huendelea kuachia nitrojeni kutoka kwenye mabaki ya mimea msimu mzima. Kazi ya mfuko ni kuziba pengo tu. Ukimwaga kilo 136, zinazobaki hazikai zikikusubiri msimu ujao. Zinapotea, au zinageuka majani.

Na kupotea huko ndiko kunakonileta kwenye wakati na namna ya kuweka. Kwenye jaruba lenye maji, urea ikimwagwa juu, mara nyingi mmea hupata kama theluthi moja tu. Nyingine huenda wapi? Ukitaka kujua, ingia jarubani siku ambayo maji yametulia, uchomeke mkono kwenye tope taratibu, uutoe na pande la udongo bila kulivuruga. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba ya rangi ya kutu, milimita chache tu. Chini yake tope ni la kijivu au jeusi, na linanuka. Ile ngozi ya juu ina hewa. Chini hakuna hewa. Nitrojeni ikiwa katika hali ya amonia na ikawa chini kwenye tope lisilo na hewa, inakaa imeshikamana na udongo na mizizi huifikia. Ikibaki juu, sehemu yake hugeuka nitreti, nitreti ikashuka na maji hadi kwenye tope jeusi, na huko bakteria wanaigeuza gesi inayorudi angani.

Hapo utaona kwa nini sikushauri CAN kwenye jaruba lenye maji. Nusu ya nitrojeni yake tayari ni nitreti. Unainunua ikiwa imeshafika hatua ambayo tope linaitafuna. Kwenye mahindi ni mbolea nzuri sana, na kwenye mpunga wa nchi kavu haina ubaya, ila ndani ya maji nusu ya pesa yako iko hatarini tangu siku ya kwanza. Urea na SA, yaani salfeti ya amonia, ndizo za majarubani. SA ina nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, kwa hiyo inafaa pale udongo unapokosa salfa au una magadi, ila ni nzito kuibeba: kilo 100 za SA ni kama kilo 46 za urea tu kwa nitrojeni. Kwenye udongo wenye tindikali kali usiizoee, kwani inaongeza tindikali.

Urea nayo ina mwanya wake wa kupotea. Ikimwagwa kwenye maji mengi, inageuka amonia ndani ya siku chache, na mchana, jua likiwa kali na maji yana ukijani wa mwani, maji hayo yanakuwa na ualikali wa kutosha kuirusha amonia hewani. Wakati mwingine unaweza hata kuinusa. Kwa hiyo usimwage urea kwenye maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Funga mfereji, toa maji mpaka tope liwe na unyevu au maji ya kiasi cha kufunika kucha ya kidole tu, ng'oa magugu kwanza, majani ya mpunga yakauke umande, kisha ndipo urushe urea sawasawa. Ukiweza kupitisha palizi ya mashine ya kusukuma kati ya mistari mara baada ya kurusha, imezama kwenye tope, na hapo umeokoa nyingi. Baada ya siku mbili au tatu rudisha maji polepole. Usirudishe kwa kishindo, na usiruhusu maji yatoke upande wa pili wa jaruba kwa wiki nzima, maana mtu wa chini yako atakuwa anamwagilia kwa mbolea yako. Nimeona majaruba ya chini yakistawi kwa mtindo huo miaka na miaka, mwenyewe akidhani ana udongo wenye baraka.

Wapo wanaofukia tembe kubwa za urea kwa mkono, sentimita 7 hadi 10 ndani ya tope, katikati ya mashina manne, mara moja tu kama wiki moja baada ya kupandikiza. Njia hiyo hupunguza hasara sana. Kazi yake ni nyingi na inataka miche iwe kwenye mistari, ila kwa ekari moja ya mtu mwenye nguvu kazi nyumbani, naiheshimu. Kumbuka tu kwamba ukishaifukia huwezi kuitoa, kwa hiyo kwa basmati ndefu kiasi kiwe kidogo tangu mwanzo.

Wakati wa kuweka ndio uliokuangusha zaidi. Urea yako ya kwanza ilikuja wiki ya tano, mpunga ukiwa umeshamaliza sehemu kubwa ya kutoa machipukizi. Ilipaswa kuwekwa wiki ya tatu baada ya kupandikiza, wakati shina moja linakuwa matano, kumi, kumi na tano. Ilipofika wiki ya tano ilikuta mmea unaanza kurefusha bua, ikalirefusha zaidi. Ya pili uliiweka masuke yakichungulia. Ndugu yangu, hapo idadi ya punje kwenye kila suke ilikuwa imeshapangwa kitambo. Urea hiyo haikuwa na punje ya kuongeza. Ilikwenda kwenye majani, ikachelewesha kuiva, ikaufanya mmea kuwa laini na wenye utamu kwa wadudu wafyonzao na kwa ugonjwa wa blasti, ambao basmati za asili zina udhaifu mkubwa nao. Blasti ikishika shingo ya suke, suke zima huwa jeupe na punje haijai. Ukikumbuka kuona masuke meupe yaliyosimama na alama ya kahawia shingoni, basi sehemu ya mapepe yako imetoka huko. Mengine yametokana na kulala kwenyewe, kwa sababu bua lililovunjika halipitishi chakula, na majani yaliyofunikana hayapati jua la kujaza punje.

Hata chenga zako zina uhusiano na mbolea. Mpunga uliolala huiva kwa mafungu: punje za juu zimekauka, za chini zimeloa, na kila zinapoloa na kukauka tena zinapata nyufa ndani. Punje ya basmati ni ndefu na nyembamba, ikiwa na ufa mmoja tu mashine inaikata mara mbili. Kinu hakikuwa na kosa, au angalau si kosa lote.

Je, wakati sahihi wa urea ya pili ni upi? Usihesabu siku peke yake, kwa sababu aina hutofautiana na baridi huchelewesha. Fungua bua. Kuanzia kama wiki ya sita baada ya kupandikiza, ng'oa shina kuu moja kila baada ya siku mbili, ulipasue kwa wembe kutoka chini kwenda juu, ukitazama juu ya fundo la juu kabisa. Siku za kwanza utaona ndani kuna utupu na majani yaliyojikunja. Siku moja utaona kitu kidogo cheupe chenye manyoya kama pamba, umbo la ncha ya penseli, kirefu milimita moja au mbili. Hilo ni suke changa. Fanya hivyo kwenye mashina matano sehemu mbalimbali za jaruba, na ukilikuta kwenye matatu, siku yako ya urea ya pili imefika. Suke litatoka nje baada ya wiki nne hivi. Ukishaona bua limevimba na mpunga umebeba mimba, umechelewa, na urea hiyo ibaki stoo.

Lakini hata siku hiyo, kabla ya kurusha, tazama majani. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, ilisambaza kadi ya plastiki yenye rangi za kijani kutoka hafifu hadi iliyokolea, ya kulinganisha na jani. Unachukua jani changa zaidi lililokunjuka lote, kwenye mashina kumi, unasimama ukilikinga jua kwa mwili wako, unaliweka juu ya kadi bila kulichuma. Kwa basmati kiwango cha kuamua kuweka mbolea ni cha chini kuliko cha mpunga wa kawaida: jani likiwa kwenye rangi ya 3 au hafifu zaidi, weka; likizidi hapo, subiri. Huna kadi? Basi jizoeze kwa macho yako. Basmati ndefu yenye afya inapokaribia kutunga suke huwa kijani cha wastani chenye kuelekea umanjano kidogo. Wakulima wengi wakiona hivyo huingiwa na hofu wakafikiri ina njaa. Ile rangi ya kijani cheusi iliyokufurahisha ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza ya hatari.

Nikugeukie DAP. Mfuko mzima kwa ekari ulikupa fosfati kilo 23, na basmati ndefu inatosheka na nusu yake. Tena udongo ukishakaa na maji wiki kadhaa huachia fosfati iliyokuwa imeshikwa na chuma, kwa hiyo mpunga wa majarubani hauhangaiki na fosfati kama mahindi yanavyohangaika. Kilo 25 za DAP zichanganywe na tope wakati wa kusawazisha kwa mara ya mwisho, na fosfati ya msimu mzima imekwisha. Usiiweke baadaye juu ya maji, inalisha mwani.

Kuna wanaosahau potashi kabisa, nawe hukuitaja. Hii ndiyo inayosaidia ukuta wa bua kuwa mgumu na punje kujaa, na upungufu wake huonekana wazi zaidi nitrojeni ikiwa nyingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa sana ya potashi ya mpunga, karibu asilimia 80, hubaki kwenye mabua wala haimo kwenye punje. Je, mabua yako yanaenda wapi? Yakichukuliwa yote kwa ajili ya ng'ombe na samadi hairudi, au yakilundikwa kona moja na kuchomwa, unahamisha potashi ya shamba zima kila msimu. Mabua hayo pia yana silika, madini ambayo mpunga hunyonya kwa wingi na kuyatumia kama saruji ya kuimarisha majani na bua. Ukiyarudisha shambani, yatandaze na kuyalima mapema, angalau wiki tatu au nne kabla ya kupandikiza, ili yaanze kuoza. Yakifukiwa mabichi karibu na kupandikiza, wadudu wa kuozesha watanyang'anya nitrojeni ya miche na tope litatoa gesi zinazochoma mizizi. Kama huwezi kuyarudisha, kilo 20 za MOP, yaani mbolea ya potashi, kwa ekari wakati wa kusawazisha zinatosha, na penye mchanga mwingi gawa mara mbili, nusu ya pili iende pamoja na urea ya suke changa.

Zinki nayo usiipuuze, hasa kama udongo wako una magadi au jaruba halikauki mwaka mzima. Mwaka 1966 mtafiti Y. L. Nene wa Pantnagar, India, alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiitwa khaira, uliodumaza mpunga chini ya Himalaya, ulikuwa njaa ya zinki tu. Dalili zake huja wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza: miche inadumaa kwa viraka, majani ya chini yanapata vumbi la madoa ya rangi ya kutu, na mshipa wa kati wa jani changa unapauka kuanzia chini. Watu wengi wakiona hivyo wanaongeza urea, na hali haibadiliki. Dawa yake ni salfeti ya zinki, kilo 10 kwa ekari wakati wa kusawazisha, isichanganywe ndoo moja na DAP kwa kuwa fosfati huishika. Ukichelewa, nyunyiza: gramu 100 za salfeti ya zinki na gramu 50 za chokaa iliyozimwa katika bomba la lita 20, urudie baada ya siku kumi hivi.

Kuhusu mbolea za kunyunyizia majani kwa ujumla, nikupe hesabu tu uamue mwenyewe. Bomba la lita 20 lenye urea asilimia mbili lina gramu 400 za urea, yaani nitrojeni chini ya gramu 200. Mabomba kumi kwa ekari hayafikishi kilo mbili. Kwa zinki, inayohitajika kidogo, kunyunyizia kuna maana. Kwa nitrojeni ni tone.

Nije kwa yule aliyekuambia basmati haitaki mbolea ya dukani ndipo inukie. Nimemsikia mara nyingi, na ana sehemu ya ukweli ambayo ameifikia kwa njia isiyo sahihi. Harufu ya basmati inatokana na urithi wa mbegu, kisha hali ya hewa wakati punje inajaa: usiku wa baridi kiasi huitunza, joto kali huipunguza. Kiini cha harufu hiyo mmea hukitengeneza kutokana na prolini, moja ya asidi za amino zinazojenga protini, na prolini yenyewe ina nitrojeni, kwa hiyo mmea wenye njaa haupati sifa ya ziada. Kinachoharibu ni wingi: shamba linalala, punje zinaiva kwa mafungu, unavuna zikiwa na maji, unazianika juani kwenye joto kali, harufu inapotea hapo. Mkulima akilinganisha mpunga wake wa mbolea nyingi na wa jirani asiyeweka kitu, anahitimisha kwamba sumu ni mbolea. Kumbe tofauti ilikuwa kiasi.

Samadi ninaipenda sana kwa basmati, mradi iwe imeoza vizuri. Tani mbili hadi nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza, nawe punguza urea. Na kama una nafasi ya siku 50 hivi kati ya mavuno na kupandikiza, panda sesbania, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, uilime ikiwa kijani kabla bua halijawa gumu. Huko Punjab ya India wakulima wa basmati wanashauriwa kwamba wakishafukia mbolea ya kijani namna hiyo wasiweke urea kabisa. Mimi nimeshangazwa kila mara na jinsi ushauri huo unavyopuuzwa, kwa sababu ndio unaoelekeana zaidi na tabia ya mmea huu: nitrojeni inatoka polepole, mfululizo, bila kishindo cha kurefusha bua.

Basi kwa msimu wako ujao, kama hutapata samadi wala sesbania, ningepanga hivi kwa ekari moja ya basmati ndefu. Wakati wa kusawazisha, DAP kilo 25 na MOP kilo 20, na zinki kama uliwahi kuona zile dalili. Wiki ya tatu baada ya kupandikiza, baada ya palizi na maji yakiwa yametolewa, urea kilo 21. Suke changa likionekana ndani ya bua, urea kilo 21 nyingine, na kama majani bado yamekolea, punguza iwe kumi au usiweke. Jumla inakuja karibu kilo 24 za nitrojeni. Angekuwa mwenye basmati fupi, ningempa urea kilo 34 kila safari badala ya 21. Kati ya safari hizo mbili, machipukizi yakishatosha, kausha jaruba siku tano hadi saba mpaka tope lianze kupasuka nyufa nyembamba, ili mizizi ishuke na kushika. Ila usilikaushe mara tu baada ya urea, na lisikose maji suke linapotoka. Kitaluni usimwage mbolea. Miche iliyonona kitaluni hufika jarubani ikiwa mirefu na laini, ikavunjika siku ya kupandikiza.

Na palizi isichelewe tena. Magugu yaliyokula urea ya wiki ya tatu huwezi kuyadai.

Jambo la mwisho ninalokuomba ni dogo, ila litakupa namba yako mwenyewe, ambayo hata mimi sina. Tenga kijaruba cha mita 5 kwa 5, ukizungushie tuta lake ili maji yenye mbolea yasiingie. Ndani yake usiweke urea wala DAP. Weka gramu 150 hivi za TSP, mbolea ya fosfati isiyo na nitrojeni, na gramu 125 za MOP, ili kitakachokosekana kiwe nitrojeni peke yake. Vuna kijaruba hicho peke yake, upure, ukaushe, upime. Zidisha kilo ulizopata kwa 400 na utajua hekta ya udongo wako inatoa nini bila nitrojeni ya dukani. Ukipata kilo 5, ni tani mbili kwa hekta. Kama aina yako inaweza kutoa tani tatu, pengo ni tani moja, na kwa kuwa mmea hupata kama theluthi tu ya unachorusha, tani moja huhitaji nitrojeni kilo 50 hivi kwa hekta, yaani urea kilo 44 kwa ekari. Ukipata kilo 6 au 7, pengo ni dogo, nawe shusha urea kwa kadiri hiyo msimu unaofuata.